Sondu Miriu: faili la 1985, stima ya 2008

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu, na wiki iliyopita niliahidi kumalizia somo la hifadhidata. Litakuja. Leo naweka msimbo pembeni kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani tangu mgao wa juzi hapa Kisumu. Stima ilipotea saa moja jioni, ikarudi saa nne, na kila mtu mtaani alikuwa na maelezo yake: kampuni ya stima, transfoma, siasa, Uganda, mvua. Mimi nikajiuliza swali jingine. Sisi tuna mtambo wa megawati 60 hapa Sondu, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu. Umekuwepo tangu lini, na kwa nini ulichelewa kiasi kile?

Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyotarajia, na kwa mtu wa kazi yangu ilisomeka kama kumbukumbu za seva iliyoanguka: ukipanga matukio kwa tarehe, unaona kila kosa lilivyozaa lingine. Kwa hiyo hii leo ni makala ya historia. Jitayarishie chai.

Tuanzie mbali kidogo, Jinja. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Kenya ya kikoloni haikuwa na mitambo ya kutosha, ikaingia mkataba wa miaka 50 wa kununua megawati 30 kutoka Uganda, na mwaka 1958 laini ya kutoka Tororo hadi Nairobi ikaanza kazi. Ilikuwa njia rahisi, na kwa miaka karibu 20 hakuna aliyelalamika sana. Kisha Februari 1976 Idi Amin akatangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Hebu fikiria wewe ndiwe unakaa wizarani Nairobi wakati huo: swichi ya sehemu ya stima yako iko mikononi mwa mtu anayesema Kisumu ni yake!

Kenya ikajifunza, lakini ikajifunza nusu. Ilimwaga nguvu zote kwenye mto mmoja, Tana. Kindaruma ilikuwa tayari tangu 1968, Kamburu 1974, ikafuata Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mitambo mizuri, sikatai. Ila yote inakunywa maji yale yale. Masinga ikikauka, walio chini yake wote wanakohoa. Mtu yeyote aliyewahi kuweka seva tano juu ya soketi moja anajua tatizo hilo bila kufundishwa.

Sasa huku kwetu. Mto Sondu (huku chini tunauita Miriu) unatoka msitu wa Mau, upande wa kusini magharibi. Vijito vyake, Itare, Kipsonoi na Yurith, vinapita kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, vinakutana, na mto unateremka kwa kasi kwenye ukingo wa Nyakach kabla ya kuingia Ghuba ya Winam. Mteremko huo ndio mali. Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa, iliyoundwa 1979, iliuona mapema, na mwaka 1985 Wajapani kupitia shirika lao la JICA wakamaliza upembuzi yakinifu. Wazo la wakati ule lilikuwa kubwa kuliko stima peke yake: maji yapitishwe kwenye mitambo, halafu yatumike kumwagilia mashamba huku tambarare. Na juu zaidi mtoni, Magwagwa, lijengwe bwawa la kuhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi.

Kumbukeni hilo bwawa la Magwagwa. Nitalirudia.

Kwa hiyo 1985 faili lipo mezani. Ramani zipo, hesabu zipo, mfadhili anaonyesha nia. Mwaka 1986 serikali ya Moi inatia saini mradi mwingine kabisa: Turkwel, huko Pokot Magharibi, megawati 106, kwa kampuni za Ufaransa zikiongozwa na Spie Batignolles, bila zabuni ya ushindani. Waziri wa Kawi alikuwa Nicholas Biwott. Mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi, Achim Kratz, aliandika waraka wa siri akisema bei ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ambayo ingepatikana kwa ushindani wa kimataifa. Waraka ukavuja hadi magazeti ya London. Mradi ukaendelea vilevile, ukakamilika 1991. Na lile bwawa kubwa la Turkwel lilichukua karibu miaka 30 kukaribia kujaa. Habari za kufurika kwake tumezisikia 2020.

Sisemi Turkwel haina faida. Inazalisha hadi leo na inasaidia sana huku magharibi. Nasema hivi: mkopo ni mkopo, na ukilipa mara mbili kwa kitu kimoja umejinyima kitu cha pili. Tena ukifanya hivyo hadharani, wenye pesa wanakumbuka.

Wakakumbuka. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi na siasa za chama kimoja. Kisha likaja sakata la Goldenberg, na sekta ya stima ikabaki bila mkopo mkubwa kwa miaka kadhaa. Angalia pengo lenyewe: baada ya Turkwel 1991, hadi 1997 hakuna mtambo mkubwa uliowashwa nchini. Watu wanazaliwa, viwanda vinaongezeka, mitaa ya Nairobi inapanuka, na orodha ya mitambo iko palepale. Mwaka 1997 wakakodi wenye jenereta za mafuta, Westmont na Iberafrica, kwa haraka na kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mwaka huohuo shirika la umeme likaanza kugawanywa, uzalishaji ukatengwa na usambazaji, ndiyo asili ya KenGen tunayoijua.

Na 1997 hiyohiyo ndipo Sondu ikapata mkopo wake wa kwanza wa ujenzi kutoka Japani, karibu yen bilioni 7. Miaka 12 tangu upembuzi. Mimi nilizaliwa mwaka huo, kwa hiyo mradi huu na mimi ni marika.

Ujenzi ulianza 1999. Mjomba wangu mmoja, ndugu wa mama, alikuwa kijana na alikwenda kutafuta kibarua pale kama vijana wengine wa Nyakach. Anasimulia kwamba watu walilala getini. Alipata miezi mitatu ya kubeba mawe, akaachwa, akarudishwa, akaachwa tena. Malalamiko ya wakati ule yalikuwa mengi na yanajulikana: vibarua vinatolewa kwa upendeleo, vumbi la malori, fidia ndogo za mashamba, na hofu juu ya maji. Hofu ya maji ilikuwa na msingi. Mtambo wa Sondu hauna bwawa kubwa. Kuna ukuta mfupi unaogeuza mto, maji yanaingia handaki la kilomita 6.2 ndani ya kilima, yanateremka kwenye bomba hadi jumba la mitambo, kisha yanarudi mtoni chini zaidi. Maana yake ni kwamba kipande kirefu cha mto wa asili, pamoja na maporomoko ya Odino ambayo wazee wanayaheshimu, kinabaki na maji wanayoachiwa tu. Kiwango cha chini kilichowekwa ni nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Dani yangu (nyanya, kwa wasiojua Kijaluo) husema mto siku hizi unapita kama mgeni anayeaga.

Desemba 2000 mwanaharakati mmoja aliyekuwa akiuliza maswali haya alikamatwa na polisi. Habari zikafika Japani, ambako mashirika ya mazingira yalikuwa tayari yanaufuatilia mradi. Hapo kesi ya Sondu ikaacha kuwa ya Nyakach.

Sasa linganisha kalenda mbili, maana hapa ndipo penye uchungu wa hadithi hii. Kalenda ya kwanza ni ya mvua. Masika ya 1999 na ya 2000 yalikuwa hafifu, Tana ikashuka, Masinga ikakaribia tope. Wakati huo sehemu kubwa mno ya stima ya Kenya ilitoka majini. Mgao ukaanza 1999, na katikati ya 2000 sehemu nyingi zilikaa gizani hadi saa 12 kwa siku. Viwanda vikapunguza zamu, vinyozi wakarudia makasi, hospitali zikahesabu dizeli. Serikali ikakodi jenereta za dharura za takriban megawati 100 kwa msaada wa Benki ya Dunia, kutoka Aggreko, Cummins na Deutz. Mgao ukaisha mwishoni mwa mwaka mvua ziliporudi.

Kalenda ya pili ni ya Sondu. Handaki linachimbwa, lakini mkopo wa kwanza hautoshi kumaliza. Ulihitajika wa pili. Novemba 2000 Kenya inakwenda kwa Klabu ya Paris kuomba madeni yake yapangwe upya, na Japani inauliza, sawa kabisa kama muuza duka angeuliza: unaomba nikusamehe muda wa deni la zamani, na papo hapo unataka jipya? Ongeza malalamiko ya wananchi, ongeza maswali ya ufisadi. Mkopo wa pili ukakwama. Mwaka 2002 jina la mto wetu mdogo likatajwa hadi bungeni Tokyo, katika sakata la mbunge Muneo Suzuki, aliyeshutumiwa kuusukuma mradi huu. (Kesi iliyomfunga baadaye ilihusu mambo mengine, lakini doa lilikuwa limeshaingia.)

Megawati 60 za Sondu zingekuwa zaidi ya nusu ya zile jenereta za kukodi za 2000. Na zaidi ya hapo, mvua za upande huu wa ziwa hazifuati sawasawa ratiba ya mvua za Mlima Kenya na Aberdare zinazolisha Tana. Hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake kuu kwa taifa: mto wa pili, wenye wingu jingine. Faili lilikuwa mezani tangu 1985, ukame ulikuja miaka 14 baadaye, na handaki lilikuwa shimo.

Lakini subiri, bado sijafika pabaya.

Mwaka 2001, wakati maofisa wa Nairobi wanawabembeleza Wajapani watoe pesa za kumalizia mtambo, serikali hiyohiyo ilikuwa inakata msitu unaouzaa mto. Mwanzoni mwa mwaka ilitoa ilani za kuondoa ardhi kwenye hifadhi za misitu, na Oktoba 2001 ikazithibitisha. Katika Mau peke yake zilikuwa hekta zaidi ya 58,000 ukijumlisha vipande vyake; na Mau ya Kusini Magharibi, chemchemi ya Sondu, ilipoteza hekta 22,797. Ardhi ilisemekana ni ya wasio na makao, na baadhi yao walipata kweli. Lakini uchaguzi wa 2002 ulikuwa unakaribia, na ripoti za baadaye za kikosi kazi cha Mau zilionyesha majina makubwa yaliyofaidika pia.

Soma tena aya hiyo taratibu. Mkono wa kulia unakopa mabilioni ya yen kununua turbaini. Mkono wa kushoto unagawa mawingu ya turbaini hizo kama pipi za kampeni. Mimi nikifanya hivi kazini, yaani nijenge programu huku mwenzangu wa dawati la pili anafuta hifadhidata yake, tungeitwa ofisini sote wawili asubuhi hiyohiyo. Serikalini hizo ni wizara mbili tofauti, kila moja na gari lake.

Na msidhani ilikuwa tu "wao" wa mbali. Juni 2001 hayati Raila Odinga aliingia serikalini kama Waziri wa Kawi, chama chake cha NDP kikishirikiana na KANU. Mtu wa ziwa alikaa kwenye kiti kile, na Sondu aliipigania kweli. Alikaa mwaka mmoja na miezi michache, Oktoba 2002 akatoka. Mkopo wa pili, yen bilioni 10.5, ulitiwa saini 2004, serikali ya Kibaki ikiwa madarakani na waziri akiwa Ochilo Ayacko, mwana wa Nyanza pia. Ninachokiona ni kwamba waziri mwenye nia anaweza kufungua mlango wa mkopo, ila hawezi kurudisha miaka ya nyuma, wala kuziba msitu ulioko chini ya wizara nyingine. Huku kwetu tunapenda kuhesabu mawaziri tulionao. Mto haujui waziri ni mtu wa wapi.

Mitambo miwili ya megawati 30 ilianza kazi kikamilifu 2008, nikiwa darasa la nne au la tano. Mwaka 2012 ukaongezwa mtambo wa Sang'oro, megawati 21, unaotumia maji yaleyale yakitoka Sondu kabla hayajarudi mtoni. Sang'oro naisifia bila kinyongo. Maji yameshalipiwa, yanapita tu, wakachimbiwa mfereji wa kilomita karibu 5 wakaokota megawati nyingine. Kitu chema hakikosi.

Sasa tupige hesabu, maana blogu hii bila hesabu si yangu. Mtambo wa Sondu ukijaa unahitaji karibu mita za ujazo 40 za maji kwa sekunde, zikiporomoka karibu mita 200. Ukizidisha na mvutano wa dunia unapata kama megawati 78. Toa msuguano wa handaki na mabomba, toa hasara za mashine, unabaki na 60. Kwa hiyo shika kanuni hii rahisi: kila mita moja ya ujazo kwa sekunde ni megawati moja na nusu. Mwezi wa tano mto umefura, mitambo inaimba. Njoo Februari. Tuseme mto umebaki na mita 6. Toa nusu mita ya kuachia Odino, zinabaki 5.5, mara moja na nusu, unapata kama megawati 8. Mtambo wa 60 unatoa 8, na hakuna aliyeharibu kitu. Hivyo ndivyo ulivyosanifiwa, mtambo wa maji yanayopita, bila ghala.

Ghala lilikuwa Magwagwa. Katika mpango wa awali bwawa la juu lingeshika maji ya Aprili na Mei na kuyaachia polepole hadi Februari, na lenyewe lingezalisha megawati zaidi ya 100. Bwawa hilo halijajengwa. Wenyeji wa kule juu wana hoja zao za ardhi na makaburi, hoja ambazo mtu wa Nyakach hana haki ya kuzidharau baada ya yaliyompata yeye. Lakini ukweli wa kihandisi ni kwamba tulijenga mkia tukaacha kichwa, halafu tukakata nywele za kichwa hicho mwaka 2001.

Jirani zetu nao hawakulala. Uganda ilichimba mtambo wa pili, Kiira, pembeni ya Owen Falls, ukaanza kazi 2000. Kulikuwa na makubaliano ya tangu enzi za ukoloni kwamba maji yatoke ziwani kwa kipimo kile ambacho yangetoka yenyewe, kulingana na kimo cha ziwa. Mpango wa baadaye ulikuwa bwawa la Bujagali, chini kidogo, litumie tena maji hayohayo kama Sang'oro inavyofanya kwetu. Benki ya Dunia iliidhinisha pesa Desemba 2001, tuhuma za rushwa zikasimamisha mradi 2002, kampuni ya AES ikajitoa 2003. Mahitaji ya Kampala hayakungoja. Maji zaidi yakafunguliwa kuliko kipimo, ukame ukaongezea, na mwaka 2006 ziwa likashuka hadi kimo cha chini kabisa kwa zaidi ya miaka 80. Mtaalamu wa maji Daniel Kull alikadiria kwamba takriban nusu ya kushuka kwa miaka miwili ya mwisho kulitokana na maji yaliyofunguliwa kupita kiasi.

Hilo nililiona kwa macho ya mtoto. Pale Dunga mitumbwi ilikaa juu ya matope, na gati lilikuwa linaangalia majani. Wavuvi wa Kisumu walikuwa wanalipia bwawa ambalo halikujengwa Uganda. Bujagali, megawati 250, ilikamilika 2012. Ni muongo uleule uliopotea, kwa sababu zilezile, upande wa pili wa ziwa.

Tanzania nitapita haraka kwa sababu wasomaji wangu wa Dar wanaijua kuliko mimi. Ukame wa 2006, Mtera imekauka, kampuni ya Richmond inapewa mkataba wa dharura wa megawati 100, mitambo haiji kwa wakati, kamati ya bunge chini ya Harrison Mwakyembe inachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa anajiuzulu. Ukiangalia utaona dharura ina ladha yake. Mpango wa kawaida unapita kwenye zabuni, unakaguliwa, unachosha. Dharura inasainiwa usiku. Sidai kwamba kuna mtu anayeomba ukame, ila wapo wasiousikitikia.

Kenya tena: 2009 ukame ukarudi, mgao ukarudi, jenereta za kukodi zikarudi. Tofauti moja ni kwamba safari hiyo Sondu ilikuwepo, ingawa nayo ilikuwa na kiu yake. Baada ya hapo nchi ikahamia kwenye mvuke wa Olkaria na hapo nawapigia makofi, kwa kuwa mvuke haujali masika. Ila tabia haikuhama. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, ulikamilika 2017, na laini ya kilomita 428 ya kuuleta umeme Suswa haikuwepo. Kampuni ya Kihispania Isolux Corsán iliyokuwa ikiijenga ilifilisika. Laini ikapatikana Septemba 2018. Mkataba ulisema upepo ulipwe hata kama haufiki, kwa hiyo mabilioni ya shilingi yakaingia kwenye deni la mlipa stima. Umenunua ng'ombe, ukalipa maziwa, ukasahau kamba ya kumleta nyumbani.

Na huku magharibi kamba ndiyo shida yetu ya leo. Stima nyingi ya nchi inazalishwa Olkaria na Tana, mbali na sisi, na kwa miaka mingi laini za kuileta Kisumu zilikuwa nyembamba kuliko mahitaji. Ndiyo maana mwaka 2016 KenGen ilihamisha mtambo unaochoma mafuta kutoka Nairobi hadi Muhoroni: mafuta ghali yakachomwa katikati ya mashamba ya miwa ili taa za magharibi zisififie jioni. Rais Ruto mwenyewe amewahi kukiri hadharani kwamba jioni, watu wote wakiwasha taa, baadhi ya sehemu hulazimika kuzimwa. Kwa hiyo jirani yangu aliyesema "ni transfoma" na yule aliyesema "ni siasa" walikuwa wanasema kitu kimoja kwa umbali tofauti.

Jambo la mwisho, halafu niwaache mkalale. Itare, kile kijito nilichokitaja mwanzoni, katika muongo wa 2010 kilianzishiwa bwawa huko Kuresoi ili maji yake yapelekwe Nakuru, mita za ujazo 100,000 kwa siku. Gawanya kwa sekunde 86,400, unapata 1.16. Kwa kanuni yetu hiyo ni megawati 1.7 za Sondu. Mwezi wa tano hakuna atakayeziona. Februari, mtambo ukiwa unatoa 8, ni zaidi ya moja kwa tano. Nakuru wana kiu na ni ndugu zetu, sina neno nao. Mwaka 2018 mkandarasi, CMC di Ravenna ya Italia, aliishiwa fedha, mitambo ya ujenzi ikasimama porini, na Itare ikaendelea kuteremka Sondu kama zamani. Kwa hiyo megawati zetu 1.7 za kiangazi tunazo kwa sababu mradi mwingine wa serikali ulikwama.

Haya, tuonane wiki ijayo na ile hifadhidata, stima ikiwepo.